Vipimo vya Kigugumizi

14 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Huku nyumbani hakuna mgonjwa isipokuwa cherehani ya Mama, ambayo tangu mwaka uanze inakata uzi kila ikifika kwenye kona, na Mama anaigombeza kama mtu aliyemkosea. Baba yuko njiani na lori lake. Tunamwona akija kubadilisha nguo. Kitinda mimba wetu kang'oka jino la mbele, siku hizi anacheka amefunika mdomo. Mimi Kidomo wako nipo, naongea kama ulivyoniacha.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Simu zipo, lakini tukikupigia kila mtu anataka kuishika. Unaulizwa na Mama kama u mzima, unaulizwa na Baba kama u mzima, na mimi nikiipata mtandao unakatika. Barua ni yangu peke yangu.

Sasa jambo lenyewe. Shuleni tuna kikundi, tunakutana Jumamosi kwenye maabara, na mwalimu wa fizikia ndiye anayetufungulia. Tunatunga mchezo wa jukwaani kuhusu siku moja ya maisha yajayo, wakati kila nyumba itakuwa na mashine zenye akili na roboti wa kutumwa. Kila mmoja alitakiwa kuleta wazo. Mrefu, ambaye ni mvivu kuliko sisi sote, kaleta roboti wa kukusimamia kwenye foleni wakati wewe umelala. Yule msichana anayetusuka nywele kaleta mashine ya kusuka inayokumbuka kichwa cha nani kinauma wapi. Kuna kitanda kinachomwaga mtu sakafuni asipoamka. Kitinda mimba, ambaye hata si mwanakikundi, anataka roboti wa kuchapwa badala yake.

Wazo langu ni wewe. Niliposema nina mjomba anayefanya kazi na roboti wa kweli, mwalimu mwenyewe alisogeza kiti karibu. Kwa hiyo niandikie siku yako yote, kuanzia unapofika kazini hadi unapotoka. Tutaigiza hiyo.

Mama anasema mkataba wako unaisha mwisho wa Agosti na lazima watakuongezea, maana mtu kama wewe watampata wapi. Ameshautangazia mtaa. Mteja akija kupimwa gauni anaondoka anajua habari za ghala lako.

Ni mimi, Kidomo

20 Februari

Kidomo, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nina afya, nashukuru. Mpe Mama yako pole ya cherehani na umwambie atazame sindano, itakuwa imepinda. Namjua, habadilishi mpaka ivunjike. Mwambie kitinda mimba aache kufunika mdomo, jino litaona haya kuota.

Umeniuliza kuhusu siku yangu. Ghala ni kubwa, ukisimama mlango mmoja mwingine huuoni. Ndani ni rafu na vitoroli. Kitoroli kinafika usawa wa goti, bapa kama meza iliyokatwa miguu, na kinajiendesha. Kinaingia chini ya rafu, kinainyanyua na kuondoka nayo kwenda inakotakiwa. Viko vingi mno na havigongani hata siku moja.

Kazi yangu ni kuokota. Kitu kikidondoka sakafuni, kiatu, chupa ya sabuni, mdoli, taa inawaka juu ya mlango. Navaa kizibao cha rangi ya chungwa na kuingia. Kizibao hicho kimeshonewa kifaa ndani yake ili vitoroli vijue nilipo. Nikielekea kulia, vya kulia vinasimama na kurudi nyuma. Nikigeuka kushoto, vya kushoto navyo. Njia inafunguka yenyewe, natembea kama mfalme. Naokota kiatu, natoka, na spika ya mlangoni inaniambia, "Asante kwa ushirikiano wako." Sauti ni ya mwanamke aliyelala vizuri, na haijawahi kuwa na mafua.

Mwambie Mrefu nimemfikiria roboti wake wa foleni. Enzi zangu za ukinyozi, nusu ya wateja niliwapata kwenye foleni ya maji. Yeye akalale tu, lakini ajue atanyolewa na nani.

Habari za mkataba tutaona. Wasalimie wote.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Sindano kweli ilikuwa imepinda. Mama kaibadilisha na amekataa kukiri kwamba ni wewe uliyesema. Kitinda mimba kaota kijino, anawaonyesha hata wapita njia.

Barua yako imetupa mchezo mzima! Vijana watakaokuwa vitoroli wamejitengenezea maboksi na kuyapaka rangi ya fedha, wanatambaa kwa magoti. Mama katushonea kizibao kwa mabaki ya kitambaa cha pazia. Tulifanya jaribio Jumamosi. Mtu anaingia, vitoroli vinarudi nyuma vyote kwa pamoja, anageuka, vinarudi tena. Mwalimu alipiga makofi peke yake mpaka tukaona aibu.

Shida moja tu. Kila mtu anataka kuwa kitoroli na hakuna anayetaka kuwa Mtu. Tulimlazimisha Mrefu. Akavaa kizibao, akaingia, akazunguka jukwaa, akaokota kiatu, akatoka. Akasema, "Sasa mimi naongea na nani?" Tukaipekua barua yako mstari kwa mstari. Mjomba, hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mdomo humo. Spika tu.

Nilimwambia Mama. Akacheka, akasema, "Haiwezekani. Huyo alipokuwa kinyozi, mtu anaingia asubuhi kunyoa ndevu, anatoka jua limezama, na ndevu za upande mmoja bado ziko pale pale." Anasema umesahau tu kuandika. Basi andika. Unakula na nani? Unapiga soga na nani?

Kidomo

15 Aprili

Kidomo,

Marahaba. Mpe kitinda mimba hongera ya jino. Hapa hali ya hewa imebadilika, nimeanza kulala na soksi. Chumba changu kiko ghorofa ya juu, dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine, lakini ukuta wenyewe ni msafi.

Mama yako kanikumbusha mambo. Nilikuwa naongea kweli.

Unataka kujua napiga soga na nani. Yupo. Nimempa jina la Kigugumizi, kwa sababu hawezi kufanya jambo kwa mkupuo mmoja: anaanza, anasita, anaanza upya. Ni wa zamani kuliko wenzake. Wanampita kushoto na kulia na yeye hajali, anakwenda na mwendo wake. Asubuhi nikifika namkuta karibu na mlango kama ananisubiri. Wakati wa mapumziko tunakaa kwenye ukuta mmoja, mimi na chakula changu, yeye na utaratibu wake. Haongei, lakini anajua kusikiliza, hanikatizi kama watu wengine ninaowafahamu wanaoitwa Kidomo. Juzi nimemsimulia kisa cha yule mteja aliyesinzia kwenye kiti nikamnyoa nyusi. Nimekisimulia chote mpaka mwisho. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Mwekeni huyo kwenye mchezo, Mrefu apate wa kuongea naye.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ungeiona furaha ya humu ndani! Mama kaisoma barua yako amesimama, halafu akaketi akaisoma tena. Akasema, "Nilijua tu. Kaka yangu hawezi kukaa mahali akakosa mtu." Baba alikuwa amerudi, naye akasema watu wa taratibu kama huyo ndio marafiki wa kweli, wanaoongea sana ni wa kupita. Aliniangalia aliposema hivyo.

Sasa Mama anataka vipimo. Anataka kumshonea Kigugumizi shati. Anasema mtu anayemsikiliza kaka yake kila siku bila kukimbia anastahili zaidi ya shati, ila shati ndilo analolijua. Kitambaa keshachagua, cha buluu yenye mistari myembamba, amekitoa kwenye fungu lake la siri ambalo hata Baba haruhusiwi kuligusa. Tuma upana wa mabega, kifua, urefu wa mkono na shingo. Anauliza kama ni mwembamba. Anauliza pia kama ana mke na watoto, na kama kwao ni mbali kama kwako. Huna haja ya kujibu yote, lakini vipimo lazima.

Mrefu amekubali kuwa Kigugumizi kwa kuwa haongei. Mimi ndiye nitakuwa Mtu.

Kidomo wako

12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Wewe je?

Hujajibu. Mwezi umepita na zaidi. Tulipokupigia Jumapili ulisema u mzima, Mama akaanza kuuliza vipimo, ukasema mtandao mbaya. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri kabisa.

Mama kachoka kusubiri, amekata kitambaa kwa makisio, anampima Mrefu. Mchezo ni Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kama Kigugumizi amekukasirisha, au ninyi wawili mmegombana, niambie mimi tu.

Kidomo

24 Juni

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na wasalimie wote hapo.

Mwambie Mama yako asishone. Kigugumizi havai shati. Ni kitoroli.

Gurudumu lake moja lilikuwa na kasoro, ndiyo maana akawa anasitasita. Akiwa kazini, nikivaa kizibao, ananikimbia kama vingine. Lakini wakati wa mapumziko kizibao nakivua, na sehemu ya kuchajia vitoroli iko ukutani jirani na benchi ninapokula. Yeye alikuwa akikaa pale kuliko vingine kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka. Nikaanza kumsalimia kwa utani. Halafu utani ukaisha nikaendelea kumsalimia.

Sikukusudia kuwadanganya. Niliandika, na nilipoisoma barua kabla ya kuifunga niliona utadhani ni mtu, nikaiacha hivyo. Nilipenda ilivyosomeka. Halafu mkaanza kuuliza mabega na shingo, na mke, na watoto, na mimi nikakaa hapa na karatasi nisijue niandike nini.

Juma lililopita wamemwondoa. Hata fundi hakuja. Kilikuja kitoroli kingine, kikaingia chini yake, kikamnyanyua na kuondoka naye. Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nilipotoka spika ikaniambia asante kwa ushirikiano wangu.

Mwanzoni tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa zamu, mtu wa vichekesho. Akahamishiwa ghala jingine na hakuna aliyeletwa mahali pake, walisema mmoja anatosha. Msimamizi wetu yuko kwenye skrini. Kule ninakopanga chumba, na wapangaji wenzangu tunasalimiana kwa kichwa tu. Nina upweke, mpwa wangu. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta.

Mkataba mpya wameshaleta. Karatasi iko mezani kwangu, mwisho wa kutia saini ni siku ya mwisho ya Agosti. Natamani kurudi. Lakini nitarudi kama nani? Kibanda changu cha kunyolea nasikia sasa ni duka la simu. Mama yako ameshautangazia mtaa kwamba kaka yake ni mtu wa roboti, na wewe umenipeleka hadi maabara ya shule. Nitashukaje kwenye basi na begi, mkiniangalia?

Usimwambie Mama yako. Nakuomba.

Mjomba

16 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku moja kabla ya mchezo. Niliisomea chooni, mahali pekee penye komeo nyumbani kwetu.

Nilipotoka, Mama alikuwa anapiga pasi lile shati. Alikuwa amelimaliza. Nilisimama mlangoni nikashindwa kusema, na si kwa sababu ulinikataza. Nilishindwa tu. Asubuhi nikaenda kwa Mrefu, nikamwambia leo havai shati, anavaa boksi kama wenzake. Akauliza kwa nini. Nikamwambia avae.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa safu ya pili na majirani anaowashonea. Kabla Mrefu hajaingia nilimsikia Mama akiwaambia, "Sasa subirini, anayekuja hapa ni rafiki wa kaka yangu." Mrefu akaingia anatambaa, anakwenda, anasita, anakwenda. Nikavua kizibao, nikaketi kwenye benchi, nikasema, "Habari za tangu jana, Kigugumizi." Majirani walicheka. Walidhani ndiyo utani wenyewe.

Nikasimulia kisa cha yule mteja na nyusi. Nilikisimulia vizuri, ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko. Lakini Mrefu ndani ya boksi hakuruhusiwa kucheka, na mimi nilikuwa natakiwa kumtazama yeye, si watu. Mjomba, nilijua kabisa ni Mrefu. Nilijua tukitoka ataniudhi kama kawaida yake. Ila kuliambia boksi kisa cha kuchekesha halafu likae vilevile, nilijikuta nakiharakisha kisa ili kiishe. Nilifikia mwisho nikasahau maneno yanayofuata. Nikabaki nalitazama boksi, na watu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Mwalimu alidhani nimefanya makusudi. Amenisifu.

Nilipotazama safu ya pili, kiti cha Mama kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nyumbani ameketi kwenye cherehani, hashoni. Akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema ulinikataza nisimwambie. Akasema, "Hujaniambia." Halafu amenikataza nisikuandikie kwamba alilia, kwa hiyo sikuandikii.

Kikundi kinaendelea. Yule wa kusuka bado anaitaka mashine yake, anasema vidole vyake vinamuuma na tusimletee huruma zetu. Nadhani ana haki. Mimi bado sijui nataka nini.

Mama hazungumzi tena habari za ghala na wateja. Jana kauliza, kama vile haulizi, Agosti inaishia siku gani. Nikamwambia akupigie. Anasema hajui aanzie wapi, akikuambia rudi utadhani anakuonea huruma, na wewe hupendi kuonewa huruma tangu mkiwa wadogo. Na wewe hupigi. Ninyi ni watu wazima, Mjomba, na mimi nimechoka kuwabebea maneno. Nakupenda lakini nimechoka.

Hakuna mtu hapa anayemngoja mtu wa roboti. Mimi nakungoja wewe.

Kidomo

31 Agosti

Kidomo, mpwa wangu,

Marahaba nyingi, za barua hii na za zilizotangulia nilizosahau kuitikia. Ni matumaini yangu wote hapo mko salama, na Baba yako karudi hata kwa siku mbili tatu.

Sijatia saini. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Msimamizi alinitokea kwenye skrini, akaniuliza kama nina swali lolote kuhusu mkataba, nikasema sina. Akasubiri. Nikamwambia naondoka. Akaniambia asante kwa ushirikiano, kwa maneno yaleyale ya spika, mpaka nikamtazama vizuri kuona kama naye ni mtu. Alikuwa mtu. Alikuwa anakula karanga.

Nadhani Mama yako hajakueleza, basi nakueleza mimi. Alinipigia Jumapili. Nilipoona jina lake nilidhani kuna msiba. Hakuna msiba. Nilikuwa naisikia cherehani inakwenda huko nyuma, amenibana simu kwa bega, unamjua. Akaniuliza nimekula nini. Nikamtajia. Akaniuliza nimekula na nani.

Nikashindwa kujibu. Yeye hakuniharakisha, aliendelea kushona tu.

Baadaye nikamwambia la kweli, ambalo hata wewe sikukuandikia. Nilimwambia, "Dada, siogopi mtaa. Mtaa utacheka siku mbili. Ninachoogopa ni kwamba siwezi tena kuongea. Mtu akinisemesha dukani nabaki natafuta neno, na nikilipata ameshaondoka. Nitakaa hapo kwenu kama gogo. Watoto watanishangaa. Kinyozi gani asiyeongea?"

Cherehani ikasimama. Nilidhani simu imekatika, nikaitazama. Haikuwa imekatika.

Akasema, "Kama ni kunyamaza, njoo unyamazie hapa."

Mjomba wako